Mama Mwenye Mtungi

Tangu Sanda na mumewe Zeya waingie Yangon na kuanza kuzurura wakishangaa masoko na maghorofa, jua liliwarudisha kila mchana kwenye mtungi wa maji wa mama mmoja. Hakuuza maji; aliyaweka mlangoni wanywe wapita njia. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa kuloa, na kila mtu akishakunywa, mama alikifuta kikombe kwa pindo la kikoi, taratibu, kama anayempangusa mtoto mdomo. Ukimshukuru, alikuja juu: "Ahsante ya nini? Sema sadu, yaani 'umetenda vyema'! Kwa sauti, marehemu wangu apate thawabu yake."

Leo Zeya, kwa joto, alijimwagia kichwani maji yaliyobaki. Mama akampokonya kikombe.

"Hayo ya kunywa, we kijana! Mwanangu kafa kwa kiu, kafungiwa ndani ya lori wakimvusha mpakani kwa magendo." Akashusha pumzi. "Na nyie, hapa mjini mnangoja nini?"

"Lori," alisema Sanda. Zeya alitazama chini.

Mama hakuuliza tena. Aliitazama chupa yao ndogo, kisha akaingia ndani kuwatafutia dumu.