Mdogo wangu alivyoukimbia usingizi

Mama alichukuliwa mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipoamuru vichaka vyote vya ufukweni mwa ziwa, Rumonge, vifyekwe. Daktari wao alipita nyumba kwa nyumba akipapasa watu shingo kutafuta tezi zilizovimba. Wakati huo Mama alikuwa akisinzia mchana, hata tonge likiwa mkononi. Walimpakia mtumbwini wakampeleka kambi ya wagonjwa wa malale. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sisi watoto watatu tulihamia kwa shangazi yetu, mkamuaji wa mawese.

Mimi nilikuwa mkubwa. Aliyenifuata, msichana wa miaka kama saba, alibadilika mara tu tulipofika. Mdogo wetu wa mwisho, mtoto mchanga, akilala, alimfinya mpaka alie. Alinivuta nywele nikisinzia. Chuoni, tulikosomea Kurani, aliwapiga mateke wenzake waliofumba macho wakisoma, na mwalimu akamchapa. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu, amekonda, chakula hakimpiti.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni wivu. Mwingine, mwanamke aliyekuja kununua mawese, alimwambia shangazi, "Huyu mutoto iko na jini. Mufukizieni." Tulimfukizia ubani. Alikohoa, akaendelea kufinya.

Siku moja asubuhi tulikuwa tukiponda ngazi, matunda ya mchikichi, zilizochemshwa. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, na mdogo wangu akamwendea. Shangazi alimshika mkono, akamkalisha.

"Sikupigi," alisema. "Niambie tu. Amekukosea nini?"

 Mdogo wangu akasema, "Asilale. Mama alilala, wakamuchukua."

Shangazi aliweka mchi chini. Alimweleza kwamba malale huletwa na mbung'o, inzi wa vichakani anayeuma, na kwamba usingizi wa mtu mwenye afya ni kitu kingine. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe umejuaje kama hajakuuma?"

 Shangazi alijilaza mkekani karibu na mtoto.

"Basi nilinde," alisema. "Ukiona nimelala sana, niamushe. Sitakasirika."

Mdogo wangu alimwamsha kabla hajapata hata lepe la usingizi. Shangazi alifungua macho, akasema, "Niko," akayafumba tena. Mchana kutwa ilikuwa hivyo, na mawese ya siku ile yaliharibika. Kesho yake walirudia, na siku zilizofuata. Kidogo kidogo yule mlinzi akawa anachelewa kumwamsha, hadi mchana mmoja niliwakuta wamelala wote wawili, mkono wa mdogo wangu umekamata kanga ya shangazi. Niliwafukuzia kuku.

Sitasema alipona siku hiyo. Habari ya kifo cha Mama ilipofika, alikesha tena kwa majuma, na safari hii alikojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Shangazi alifua mikeka, akarudi kujilaza naye mchana. Wanawake walimcheka kuwa ni mvivu.

Alipokua, mdogo wangu aliolewa huko Minago, akazaa. Nilipomtembelea mara ya kwanza, mwanawe alikuwa amelala chumbani. Nilimuuliza kama humwangalia anavyopumua.

"Namwangalia," alisema. "Lakini simuamushi."

Kisha akanikaribisha ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani.