Mstari Shingoni mwa Fisi

"Nani amemkata shingo huyu fisi?" Askari aliuliza hivyo kwenye kizuizi cha Garissa, sote tukiwa tumeshushwa kwenye lori. Alishika kitabu cha picha alichotuchorea abti, mjomba wangu. Mle ndani fisi mwenye kofia ya bwana mkubwa alikagua vipande vya utambulisho vya mbuzi, huku ngamia wenye mabawa wakimcheka kutoka angani. Tulikuwa tukikifungua kitabu hicho mkekani mpaka nyanya anatokwa machozi kwa kicheko.

"Afande, hiyo bicha ya watoto tu," nyanya akasihi.

"Watoto gani wanachinja serikali?" Akakitia begini.

Jamani! Madrasa tulifundishwa kwamba ukichora kiumbe, umpige mstari shingoni asihesabiwe kuwa na roho. Ni hilo tu. Lakini mchoraji alikuwa amesimama nyuma yangu, nani angethubutu kujibu?

Abti hajashika kalamu tangu siku ile. Sisi wasichana tuliojifunza kwake bado tunachora ngamia wenye mabawa, na mstari shingoni. Mhadhiri wangu wa sanaa chuoni hudhani ni kola.

Afande, ukisoma gazeti hili, nakuomba umrudishie abti kitabu chake.