Herufi Ngumu za Rundo la Mwisho

Enzi zetu mahindi yalitolewa kwenye magunzi kwa kidole gumba. Nyinyi wa rika langu, angalieni vidole gumba vyenu hata leo, mtaona mahali pamebaki pagumu. Sijui kama nakumbuka kila kitu sawasawa. Shule niliiacha mapema, na kuandika kwangu ni kwa kupapasa. Lakini nikifumba macho hapa Kitale nauona ule ua wetu wa Kamukuywa, turubai limetandikwa, rundo la mahindi limekaa katikati kama ng'ombe aliyelala, na makapi mepesi yanapepea juani mpaka tunapiga chafya kwa zamu.

Tulikuwa tunasaidiana na jirani zetu, kina Wairimu rafiki yangu. Watu wao walitoka upande wa katikati ya nchi zamani, wakanunua shamba karibu na letu. Tukimaliza mahindi yao tunahamia kwa yetu. Na ilijulikana, bila mtu kuandika popote, kwamba ukishasaidiwa rundo lako huendi mahali mpaka umalize la mwenzako. Mama Wairimu alikuja na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, mama yangu akapika uji wa wimbi uliochacha kidogo. Mpaka leo nikionja uji wenye ule uchachu nasikia punje zikianguka kwenye karai.

Mikono ikiwa kazini, mdomo ulikuwa huru. Ndiyo tukacheza herufi. Mmoja anataja herufi, mwingine anatafuta neno la Kiingereza lenye hiyo herufi ndani yake, iwe mwanzo, iwe katikati, popote. Hakimu alikuwa mama yangu, na mama hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Basi akaweka sheria yake: "Neno usiloweza kunionyesha, hapa kwangu si neno."

Kwa hivyo ukipewa B unasema "basin" na kuinyooshea kidole. Kaka yangu Wafula, ambaye alipenda kujigamba na vitu vya darasani, siku moja akasema "because".

"Iko wapi?" mama akauliza.

Wafula akaangalia chini ya turubai, akaangalia juu ya mti. "Si iko tu, mama."

"Haiko. Toa mahindi."

Sitaki kumpunja Wafula. Neno lake lilikuwa la kweli, na kwa mwalimu angepata alama. Lakini tulicheka mpaka Mama Wairimu akamwaga githeri.

Halafu ukaja mwaka ule baba yake Wairimu alipopata mahali Moi's Bridge, pa kufanyia biashara ya mahindi. Vyombo vyao vilikuwa vimeshafungwa. Alisimama langoni petu, kofia mkononi, akasema, "Mama Wafula, siwezi kwenda na deni la mikono yenu. Rundo lenu likiisha, ndiyo nitaita lori."

Mimi na Wairimu tuliangalia lile rundo. Hatukupanga lolote, hilo naweza kuapa. Ila zamu yake ilipofika, badala ya kunipa herufi ya kawaida, alinipa Q.

Nikaacha kutoa mahindi ili nifikirie. Na kama mnajua mchezo huu, mtu akifikiria, wenzake nao wanasimamisha mikono kumngojea. Nikaelewa. Nilipopata "queen" nikajitwika kiondo kichwani kama taji na kutembea polepole kuzunguka ua wote, mpaka nyuma ya choo, na kurudi. Kisha nami nikampa yeye Q hiyo hiyo.

"Quiet," alisema Wairimu, akafunga mdomo, akakaa kimya. Alikaa kimya sana.

"Hilo nimelipenda," mama akasema. "Wafula, lione."

Basi ikawa Q, ikawa X, ikawa Z. Wafula alipopewa Z alisema "lazy" na kuninyooshea kidole, mama akampa pointi papo hapo. Kwa haki yake, siku zile sikuwa na mkono mwepesi. Jua lilikuwa linashuka rundo likiwa bado lina tumbo, tunafunikwa na harufu ya moshi na makapi, na kesho yake Wairimu anarudi. Ninaota zile jioni mpaka sasa. Katika ndoto rundo halipungui.

Lakini lilipungua. Mama Wairimu alikuwa na vidole kama mashine, na herufi zetu hazikumzuia. Likabaki hindi moja, bado limevaa maganda yake. Ilikuwa zamu ya Wairimu na nilimpa V, kwa sababu ngumu zingine tulikuwa tumezimaliza.

Hakufikiria. "Leave," alisema.

"Nionyeshe," mama akasema, kama kawaida.

Wairimu akasimama, akapangusa makapi kwenye sketi, akatembea mpaka langoni. Akatoka. Tukaona tu kitambaa chake cha kichwa juu ya ua wa michongoma, kinaenda.

 Mama akaita kwa sauti kubwa, "Wairimu! Hilo nimeliona, lakini silitaki. Rudi utafute lingine!"

Kwa sheria yake mwenyewe mama alikosea. Neno lilikuwa limeonyeshwa, lilistahili pointi. Nimelipima mara nyingi na bado sijui kama ningeamua tofauti. Wairimu alirudi akakaa, na mama akalichukua lile hindi la mwisho, akaenda kulitundika juu ya meko. "Hili ni la mbegu," akasema. "Rundo halijaisha."

Baba Wairimu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi tutarudi kulimalizia, Mama Wafula."

Lori lilipiga honi langoni kwao asubuhi. Nadhani Baba Wairimu alisema kwa moyo. Hawakurudi, lakini sisi pia hatukwenda, na kutoka hapa Kitale Moi's Bridge si mbali.

Juzi binti wa Wafula alikuwa kwangu, anacheza herufi kwenye simu. "Anti, nipe neno lenye V."

"Leave," nikasema kabla sijajua ninasema nini.

"Ah, hilo silitaki, ni fupi. Ngoja." Akagusa kioo, maneno yakashuka kama punje kwenye karai, mengi kuliko tuliyowahi kujua mimi na Wairimu tukiwekwa pamoja. Hilo lazima nikubali. Akachagua moja refu, akashinda, mchezo ukaisha kabla chai yangu haijapoa.

"Umeona, anti? Haraka hivyo."

Nimeona, mama. Sisi tulikuwa tunatafuta ili mchezo usiishe.