Atapitia Wapi

Afisa wa probesheni alifika nyumbani kwa mama, huku Kiirua, amejifunika koti zito la kuazima. Alikuwa mtu wa pwani, na baridi yetu ilikuwa imemshinda. Alitaka jibu moja tu. Mtoto wa jirani, aliyemuua mdogo wangu kwa mpini wa jembe wakigombania zamu ya maji ya shamba, alikuwa karibu kuachiliwa. Je, tungekubali arudi kuishi hapa?

Mimi ndiye msomi wa familia, kwa hiyo niliitwa kutoka mjini nije kusaidia. Nimewahi hata kuandika makala ndefu kuhusu msamaha wa Kikristo, na watu wakanishukuru. Siku hiyo nilikaa kwenye kochi nikitazama chai yangu ikishika utando. Sikuwa na hasira wala huruma. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, kisha akasahauliwa pale kitini.

“Mama, umemsamehe?” afisa aliuliza.

“Kanisani nilishasema nimesamehe. Watu wakapiga makofi.”

“Na moyoni?”

Mama alifikiri. “Sasa huyo akirudi, atapitia wapi?”

Afisa alinigeukia. Hapo angalau nikapata kazi. Nilimweleza kwamba kwetu majirani huachiana kijia kati ya boma na boma, cha kwenda kuomba chumvi au kaa la moto, na kwamba wiki ya mazishi mama alikiziba kijia chetu kwa miche ya kayaba. Ua wa kayaba una miiba ya kutoboa gunia, na huu ulikuwa umenipita kimo. Tangu hapo mama wa yule kijana huzungukia barabarani, hata akienda kanisani. Hajawahi kulalamika.

“Kwa hiyo, mama, ni ndiyo au la?”

“Mimi nataka kusema ndiyo. Lakini bado ni kutaka tu.”

“Na wewe, kaka?”

“Sina pingamizi,” nilisema.

“Hiyo ni Kiswahili ya kortini,” mama alidakia. “Ambia yeye ukweli.”

“Ukweli ni kwamba sihisi kitu.”

Mama alimtazama afisa. “Unaona? Huyu alisoma mpaka akaisha.”

Afisa alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Alisema angerudi tukishaamua.

Alipoondoka, mama alichukua panga jikoni akaelekea kwenye ua. Nilimfuata kwa sababu kubaki na ile chai kulikuwa kubaya zaidi. Alipiga magoti akaanza kukata kutoka chini, akinong’ona kwa Kimeru. Sikuweza kujua kama anasali au anatukana. Mimi nilivuta matawi. Niliona damu kwenye vidole vyangu kabla sijajua nimechomwa.

Pengo lilipofikia kiasi cha kupita mbuzi, aliacha.

“Mtu mzima hawezi kupita hapo,” nilisema.

“Najua. Leo nimefika hapo.”

Ng’ambo ya pengo ilionekana miguu ya mama wa yule kijana, imesimama tuli ndani ya gambuti. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

“Jirani,” mama aliita, “usijaribu kupita bado. Kuna miiba.”

“Sawa,” miguu ikajibu. “Nangoja.”