Orodha ya Ng'ombe na Ndama Zao

Juzi nilipanga foleni ofisi ya mifugo Igoma, nyuma ya mama mmoja mfugaji. Chanjo ilikuwa inaanza kesho yake, na ng'ombe asiye kwenye orodha hachanjwi.

Ofisa alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, akaandika amri ya mstari mmoja, na ng'ombe wote wa mama wakatoka kwenye hifadhidata wakawa faili la maandishi matupu. Akalichapa.

Mama aliitazama karatasi, akairudisha.

"Umewapanga kwa namba za hereni za masikioni, baba. Mimi siwajui kwa namba. Nipangie kila ng'ombe na ndama zake."

Ofisa alikuna kidevu, akaongeza maneno machache kwenye amri ile ile, akabonyeza. Kwenye karatasi ya pili kidole cha mama kilishuka taratibu, kikasimama.

"Huyu amezaa mara mbili. Hapa namuona ndama mmoja."

Ndama wa pili akaingizwa.

Zamu yangu ilipofika, ofisa hakuinua hata macho.

"Nisubiri kidogo, kaka. Orodha za wafugaji wote nazitoa upya namna hii."

Nilisubiri saa nzima bila kunung'unika. Wanaonijua hawataamini.