Picha ya Martini kwenye Meza ya Leonia

Leonia ameuza magazeti pale mwaloni Kibirizi, boti za dagaa zinapotia nanga, kwa miaka ishirini na miwili, na hadi leo wachuuzi humtania kwamba anauza habari zilizolala, kwa sababu magazeti hufika Kigoma kwa basi, siku moja nyuma. Yeye huwajibu, "Hata dagaa wenu wamelala juani. Mbona mnawauza?"

Jumanne moja, kabla hajamaliza kupanga meza, Martini alikuja mbio. Martini ni kuli, hubeba magunia ya dagaa kutoka kwenye vichanja vya kuanikia hadi kwenye malori. Siku hiyo hakusalimia. Alifungua gazeti moja ukurasa wa tatu akaweka kidole.

"Mama, tazama!"

Habari ilihusu mtu aliyekamatwa kwa wizi wa injini za boti. Jina lilikuwa la mtu mwingine kabisa, ila picha, lo! Martini mwenyewe, na gunia begani. Mwandishi mmoja alimpiga picha mwaka jana, ati anaandika habari za dagaa.

"Jamaa wa mjini kanionyesha kwa simu usiku. Nimepiga namba ya gazeti tangu alfajiri, hakuna anayepokea. Nisaidie, mama. Yafiche ya leo tu. Nani atanipa gunia akiona hii?"

Leonia aliumia moyoni, lakini akatikisa kichwa. Yeye ni katibu wa Umoja wa Wauza Magazeti, wanachama kumi na tisa, mjini, Ujiji na mwaloni. Umoja una sharti moja ambalo hakuna anayethubutu kulichezea: gazeti halifichwi. Waliliweka baada ya tajiri mmoja kutaka kuwanunua wote wanyamaze siku alipoandikwa vibaya.

"Nikikufichia wewe uliyeonewa, mwanangu, kesho nitamfichia aliyekosa kweli. Ngoja nimpigie Samson."

Samson ndiye mwenyekiti, meza yake iko Ujiji. Wakakubaliana naye kwamba kila mwanachama, akilinadi gazeti lile, atangaze pia kosa, na Samson mwenyewe amtafute mhariri. Leonia akaanza kwa sauti yake ya kukwaruza: "Ukurasa wa tatu, picha si ya mwizi! Picha ni ya Martini, kuli wetu!"

Jamani! Hata wasiosoma gazeti mwaka mzima walikuja kutazama. Saa nne meza ilikuwa tupu. Kila aliyenunua alimtafuta Martini, akamtazama yeye, akatazama picha, akacheka.

"Mmenitangaza," Martini alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Walikuwa hawajaniona, sasa wameniona wote."

Ni kweli, mpango ulikuwa wa Leonia. Akafunika meza kwa turubai, jambo ambalo halifanyi kabla ya jioni, akamshika Martini mkono mpaka kwa Shadia, mchuuzi ambaye magunia yake ndiyo ugali wa makuli wengi.

Shadia alikuwa amekalia ndoo, gazeti mapajani. "Dada Leonia, mimi sisemi kaiba. Lakini sura ni yake. Gunia langu likipotea, nitalidai kwa nani, kwa gazeti?"

"Kwa gazeti, ndiyo," Leonia akajibu, akapiga simu kwa Samson na kuweka sauti kubwa. "Mwenyekiti, umempata mhariri?"

"Nimempata. Mwanzo alisema ana kazi. Nikamwambia hapigiwi na mtu mmoja mwenye malalamiko, anapigiwa na wauzaji wote wa Kigoma, na wenzetu wa Kasulu wanasubiri nyuma yangu. Akaacha kazi zake. Ngoja nimuunganishe."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasogea. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye simu, nyembamba kidogo.

"Tulikosea. Picha tuliitoa kwenye kabati letu la picha za zamani. Huyo kijana hahusiki na kesi yoyote. Alhamisi tutaomba radhi."

"Ukurasa wa tatu," Leonia akamkatiza. "Palepale mlipomchafulia. Na picha yake iwepo."

"Sawa, mama," mhariri akajibu.

"Hee!" mwanamke mmoja akacheka. "Kumbe nao huogopa!"

Shadia alikunja gazeti polepole, akalikalia. Akaonyesha gunia kwa kidevu. "Haya, beba lile. Tusipotezeane muda."

Martini alilibeba hadi kwenye lori, na Shadia akamfuata nyuma, hatua tatu tu, akijifanya anatafuta mtu. Gunia la pili akamfuata tena. Leonia aliona, akauma mdomo. La tatu, Shadia aliishia nusu ya njia, akasimama kubishana bei na dereva.

La nne lilipobebwa, Shadia hakuinuka kwenye ndoo.