Vishindo Vitatu vya Kaggwa

Asubuhi ile tuligombania benchi kama kawaida. Chuo chetu pale Kyambogo, Kampala, kilikuwa na piano moja, nasi watatu tulijifunza kwa pamoja: Opio sauti za chini, Kaggwa za katikati, mimi za juu. Kaggwa hakuanza wimbo wowote bila kupiga kisigino sakafuni mara tatu. Mwalimu alimkanya mpaka akachoka. Mimi nilimtania kwamba anaibishia piano hodi.

Mchana tulishuka sokoni Nakawa kununua ndizi za kuchoma. Wanajeshi, waliokuwa wakitawala nchi miaka ile, walitusimamisha kwenye kizuizi.

"Nyinyi watu ya wapi?" mmoja aliuliza.

Wenzangu hawakujua Kiswahili. Mimi nilikulia Old Kampala, kwa wazee wenye asili ya pwani, na hicho ndicho tulichosema nyumbani. Nilijibu upesi, nikamtaja baba na duka lake la kanzu.

Askari akatabasamu. "Wewe dada yetu. Kwenda." Akawaonyesha wenzangu kidole. "Na hawa?"

Nilinyamaza.

Nikaenda.

Hawakuonekana tena. Mama yake Kaggwa alingoja miaka, kisha akazika shina la mgomba mahali pa mwili, kama wafanyavyo Waganda. Nililia sana siku ile, watu wakanihurumia. Huruma yao ilinichoma.

Uzeeni niliwatungia marafiki zangu vipande vitatu vya piano vinavyofuatana: cha benchi letu, cha Opio, kizito chenye mzaha kama yeye, na cha Kaggwa, kinachoanza kwa kisigino. Nilimwalika yule mama, sasa kikongwe, awe wa kwanza kuvisikia. Nilipopiga vile vishindo vitatu, alishika kifua.

"Amefika," akasema.

Niliacha piano. Nilimpigia magoti nikamweleza yote: kwamba niliulizwa habari zao, na woga ukanifunga mdomo. Majuto ni mjukuu, lakini wangu amezeeka pamoja nami.

Hakusema amenisamehe.

"Ungemjibu nini?"

"Ningesema, hawa ni ndugu zangu."

"Basi sema."

Nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo askari yule angeisikia. Kisha akaniomba nikianze upya kipande cha mwanawe. Safari hii vishindo vitatu alivipiga yeye.